Mguu Unachoka, Ujuzi Unabaki
Maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa wanachama, Kashebere



Tumeombwa kusema juu ya mpira na vijana wa familia zilizorudi. Tutapitia kwa mtu mmoja ambaye wengi mnamjua kwa jina: Pamphile Mihayo Kazembe, wa TP Mazembe ya Lubumbashi.

Wenye umri wanakumbuka. Mazembe ilichukua kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, kisha ikakaa miaka zaidi ya 40 bila kulishika tena. Mwaka 2009 ikalirudisha nyumbani, na 2010 ikalichukua mara nyingine. Mihayo alikuwa anacheza katikati ya uwanja. Desemba 2010 wakaenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la klabu, wakapiga Internacional ya Brazili 2-0. Hakuna ekipe ya Afrika iliyokuwa imefika fainali hiyo mbele yao. Inter ya Italia iliwafunga 3-0, sawa, lakini mpaka leo watoto wanashangilia goli kwa kuruka na matako kama kipa Kidiaba, hata wale ambao hawakuwa wamezaliwa.

Hiyo ndiyo habari inayopendwa. Sisi tunawaletea ile iliyofuata.

Mguu wa mchezaji unachoka mapema kuliko mkono wa mkulima. Mihayo alipoacha kucheza, hakuondoka na ujuzi wake. Aliingia upande wa makocha katika klabu ile ile. Mwanzoni mwa 2017 Mazembe ilitolewa kwenye Ligi ya Mabingwa na CAPS United ya Zimbabwe. Kocha Mfaransa akaondoka, Mihayo akapewa ekipe. Ilikuwa imeshushwa kwenye Kombe la Shirikisho, watu wamevunjika moyo. Novemba ya mwaka ule ule walipiga SuperSport United ya Afrika Kusini 2-1 Lubumbashi, wakashikilia 0-0 kule Pretoria, wakarudi na kombe. Mwaka 2019 akawafikisha nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa.

Na yeye hakujifundisha peke yake. Kocha wake kule Abu Dhabi alikuwa Lamine N'Diaye, Msenegali, ambaye naye alikuwa mchezaji wa zamani. Mtu anafanya mtu, na huyo anafanya mwingine. Mnyororo ule ukikatika pahali pamoja, ujuzi unakufa na wenyewe.

Kwa nini tunasema haya Kashebere, hapa Masisi inapokutana na Walikale? Kwa sababu vita imekata minyororo mingi. Kuko kati yetu wanaume na wanawake waliocheza mpira vizuri mbele ya kukimbia. Wamerudi, wanalima, wanabeba mizigo, hakuna anayewauliza wanajua nini. Na kuko kijana wa miaka 15 ambaye masomo yamekatika, jioni hana kazi, na anayemuita wa kwanza ni mwenye bunduki.

Mpira peke yake haumzuii. Ukitupa baloo katikati ya watoto 40, wenye nguvu watacheza na wadogo watatazama. Kinachomshika kijana ni mtu mzima anayejua jina lake, na ambaye siku asipofika ataenda mpaka kwao kuuliza. Mtu huyo ndiye kocha. Anaweka mtoto wa waliorudi na mtoto wa waliobaki katika ekipe moja, na anawalazimisha kupeana mpira. Wasichana pia anawatafutia saa yao.

Lakini kocha ana tumbo. Saa anazokaa uwanjani ni saa ambazo shamba lake halilimwi. Njo maana makocha wengi wa vijiji wanaanza na moto, halafu nyuma ya miezi wanaacha. Hawakuchoka na watoto, walishindwa na njaa ya nyumbani.

Basi tunaomba mambo matatu. La kwanza kwa wanachama: tunajua salongo tangu zamani. Tupange siku moja kwa juma, watu wachache kwa zamu, tulime shamba la kocha. Hakuna franga inayotoka. La pili kwa shefu na wazee: uwanja upewe mipaka inayokubaliwa mbele ya watu, maana udongo huku ni ugomvi, na hatutaki watoto wacheze juu ya kesi.

La tatu kwa wafadhili. Mayo mpya zinaonekana vizuri kwenye picha, na tunashukuru. Lakini mayo inachanika. Sehemu ya msaada ule ilipe masomo ya ukocha kwa mtu mmoja ao wawili, mmoja wao mwanamke, pamoja na usafiri wao. Wakirudi, kila mmoja achukue msaidizi wa kufundisha, ili akihama ao akiugua, mazoezi yaendelee.

Hatuahidi kwamba Kashebere itazaa Mihayo. Tunataka tu kila jioni kuwe na mtu pale uwanjani, anayehesabu watoto na kujua nani amekosa.