Mtihani wa GRE na Mifuko Yetu

Ndugu wafanya kazi wa Kitale na Bungoma,

Watoto wetu wengine wamekwisha pata digrii, na sasa wataka kusoma zaidi huko Marekani. Ndipo tunapoombwa fedha za GRE. Mwaka 2024 ada ilikuwa dola 220. Kwa sisi tungojao mwisho wa mwezi, hiyo ni mbuzi kadhaa.

Basi kwanza mtoto akiulize chuo chenyewe kama chautaka mtihani huo, maana vyuo vingi vimeuacha.

Hauna kupita wala kushindwa kama mitihani yetu ya misheni. Una maneno, hesabu na insha. Maneno na hesabu hupewa alama 130 mpaka 170 kila moja. Insha, 0 mpaka 6. Hesabu ni za sekondari tu, lakini aliyesomea lugha amezisahau! Azirudie kabla hatujalipa. ETS, wenye mtihani, hutoa mazoezi bure. Jibu la makosa halipunguzi alama, kwa hiyo asiache swali tupu. Matokeo hudumu miaka 5. Akikosa nafasi mwaka huu, tusilipe tena upesi.

Na anayetuuzia maswali ya siri tumfukuze.