Somo Fupi la Kiingereza na Sarufi Aliyonayo Mwanafunzi: Mtazamo Kutoka Kando ya Ziwa Viktoria

1.0 Utangulizi



Huenda wapo watakaouliza kwa nini mhadhara wa taaluma za Kiswahili uzungumzie ufundishaji wa Kiingereza. Sababu ni kwamba hapa Mwanza mwanafunzi hukifikia Kiingereza kwa kupitia Kiswahili, na wengi hukifikia Kiswahili chenyewe kwa kupitia Kisukuma, Kikerewe, Kikara au Kijita. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anapoingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Yule aliyeweza jana kueleza jinsi mvua inavyofanyika, leo ananyamaza. Hoja yangu ni kwamba masomo mafupi, yenye lugha ya kirafiki, yanaweza kumfundisha Kiingereza vizuri iwapo yatajengwa juu ya sarufi aliyonayo tayari. Hata hivyo, tusiyatwike mzigo usio wao.

2.0 Somo Fupi ni Lipi?

Wazo la kumpunguzia mwanafunzi mzigo si geni. Mwaka 1930 C. K. Ogden alipendekeza Kiingereza cha msingi chenye maneno 850. Mwaka 1943 BBC ilianza kufundisha Kiingereza redioni, na mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno yapatayo 2,000 yenye matumizi makubwa. Orodha hizo zatusaidia kujua maneno yapi yatangulie. Hazituambii mtoto wa Ukerewe aanzie wapi.

Kwa maoni yangu, somo fupi hubeba jambo moja tu, huanza na kile anachokijua mwanafunzi, na humalizika yeye mwenyewe akiwa ametunga sentensi. Tuchukue mwalo wa Kirumba, panapouzwa dagaa, sato na sangara. Neno "dry" lafaa kwa somo zima. Sisi husema "dagaa wakavu" na "anika dagaa", maneno mawili yenye mizizi tofauti. Kiingereza husema "dry fish" na "dry the fish". Umbo ni lile lile, na nafasi yake katika sentensi ndiyo inayotuambia kama ni kivumishi au kitenzi. Hapo mwanafunzi amepata neno, na pamoja nalo amepata siri moja ya sarufi: kazi ambayo kwetu hufanywa na viambishi, mara nyingi kwao hufanywa na mpangilio wa maneno.

3.0 Sarufi Aliyonayo Mwanafunzi

Husemwa kwamba Kiswahili hakina kitu kinacholingana na "a" na "the". Tazameni sentensi hizi: "Nimeona mtumbwi" na "Nimeuona mtumbwi". Kiambishi cha yambwa katika sentensi ya pili chadokeza mtumbwi unaojulikana kwa wazungumzaji. Mlingano na "the" si kamili, lakini mlango umefunguka: mwanafunzi anatambua kwamba tofauti hiyo ya maana anaijua tangu utotoni.

Mfano wa pili ni "he" na "she". Kiambishi "a-" hakibagui mume na mke. Kwa hiyo anayemwita mama yake "he" hakukosa akili, bali ameifuata sarufi yake kwa uaminifu. Aelezwe hivyo, kisha apewe mazoezi.

Mfano wa tatu ni hali timilifu. Wengi wetu husema "Amefika jana" bila wasiwasi. Kiingereza sanifu hakikubali "He has arrived yesterday". Wakati uliokwisha ukitajwa, hudai "arrived". Kanuni hiyo yaweza kufundishwa kwa dakika 15, kwa Kiswahili, na isisahaulike.

Mwisho ni matamshi. Msukuma anayechanganya "l" na "r" aletewe jozi kama "collect" na "correct", azisikilize na kuzitamka mara nyingi. Darasa lisimcheke, maana aliyechekwa leo hatainua mkono kesho.

4.0 Mipaka ya Somo Fupi

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Criper na Dodd walibaini kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikutosha kusomea masomo mengine. Hata hivyo, walishauri kiendelee kutumika. Tangu hapo kozi za muda mfupi zimetazamiwa kuziba pengo.

Tufanye hesabu. Maneno 10 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 6, ni maneno 300. Hayafiki hata moja ya sita ya orodha ya West. Tena orodha hiyo ni ya maneno ya kawaida tu. Mwanafunzi wa biolojia atadaiwa pia "photosynthesis", ilhali "usanisinuru" humwonyesha nuru ndani ya neno lenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, lakini mtoto huyu anadaiwa pishi nzima kabla kibaba hakijajaa.

5.0 Hitimisho

Nawasihi walimu watarajiwa mliomo humu: kusanyeni makosa ya wanafunzi wenu, tafuteni kanuni iliyoyazaa, na andaeni somo moja kwa kila kanuni. Elezeni kwa Kiswahili pasipo kuona haya. Zipo shule zinazomwadhibu mtoto kwa kusema Kiswahili. Kwa kufanya hivyo zinamnyang'anya ngazi na kumwamuru apande. Nasi watafiti tusikubali ubora wa masomo hayo uwe kisingizio cha kuahirisha mjadala wa lugha ya kufundishia. Kukijua Kiingereza ni haki ya mtoto wa Ukara. Kuelewa anachofundishwa ni haki yake pia, wala haki moja isilipiwe kwa nyingine.