Kipunji: Mnyama Aliyejulikana Kijijini Kabla ya Kuandikwa Vitabuni

Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa wakazi wa kata zinazopakana na Msitu wa Mlima Rungwe.



Mapema mwaka 2003, watafiti wa shirika la uhifadhi la WCS, wakiongozwa na Tim Davenport, walikuwa wakipita vijijini kuuzunguka Mlima Rungwe wakiuliza habari za uwindaji. Wawindaji wakawatajia kima mwenye haya aitwaye kipunji. Watafiti walisita kidogo. Katika masimulizi ya Wanyakyusa wamo wanyama wa nyama na damu, na wamo pia wa mizimu. Mgeni hawezi kubaini upesi yupi ni yupi.

Walichofanya baada ya hapo ndicho kiini cha mazungumzo haya. Hawakulidharau neno la wenyeji, wala hawakuliandika kuwa ni kweli kabla ya kuona. Waliingia msituni. Mwezi Mei mwaka huo walimwona kwa kumvizia tu, kwa maana kipunji hukaa juu mitini, na miteremko ya Rungwe ni mikali na yenye ukungu. Ilipofika Desemba ndipo walipomwona vizuri: manyoya marefu ya kahawia, kishungi kilichosimama kichwani, uso mweusi. Mlio wake nao haukufanana na wa jamaa zake.

Julai 2004, kundi jingine la watafiti, likiongozwa na Trevor Jones, lilimwona katika msitu wa Ndundulu, Milima ya Udzungwa. Mwaka 2005 kipunji alitangazwa rasmi kuwa spishi mpya kwa sayansi. Jina lake la kitaalamu likabeba neno lilelile la wawindaji: kipunji.

Lakini mwaka huohuo, dume mmoja kijana alikufa katika mtego uliotegwa na mkulima kwenye shamba la mahindi, kando ya mlima. Mwili wake ulipochunguzwa, ilibainika kuwa kipunji ana unasaba wa karibu zaidi na nyani kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, yenye jina la mlima huu. Miongoni mwa waandishi wa taarifa hiyo walikuwamo Noah Mpunga na Sophy Machaga.

Mkulima yule hapaswi kulaumiwa peke yake. Mahindi ni chakula cha watoto wake, na mtego hauchagui mnyama. Hata hivyo, hesabu iliyotolewa mwaka 2008 iliwataja kipunji 1,117 tu. Kwa jamii ndogo kiasi hicho, kila mtego una uzito.

Utafiti wa mnyama haukamiliki bila utafiti wa mimea. Ili kujua kipunji anaishije, ilibidi watafiti wamfuate siku nyingi, wakiandika kila jani, tunda na gome alilokula, na kuutambua kila mti. Orodha hiyo ilivuka aina 100 za mimea. Kwa hiyo anayekata mti wa asili kwa ajili ya mkaa huenda anaondoa chakula asichokijua, na vilevile kivuli cha chemchemi anayoitegemea.

Wakazi wanaweza kushiriki kazi hii bila darubini wala shahada. Amwonapo mnyama asiye wa kawaida, au mti ambao wazee wanaukumbuka lakini sasa ni adimu, mkazi na aandike tarehe, mahali, idadi na alichokuwa akila mnyama huyo. Aandike pia jina la kienyeji, kwa sababu jina ndilo lililofungua njia mwaka 2003. Asiguse, asing'oe, asifukuze. Taarifa ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji au wa kata, imfikie afisa wanyamapori wa wilaya. Mkulima anayeharibiwa mazao naye atoe taarifa mapema kwa njia hiyohiyo, badala ya kutega.

Walimu wanaombwa kuwatuma wanafunzi kwa wazee, wakakusanye majina ya miti kabla wenye kuyajua hawajaondoka. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Msitu huu ni mali, na sehemu kubwa ya daftari lake ingali vichwani mwa wazee.