Mapatano ya Mwenye Nyumba na Fundi Wake

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wenyeviti wa vijiji na walimu)

Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya jambo liletalo magomvi mengi vijijini mwetu kila mwaka korosho zinapokwisha kuuzwa, nalo ni mapatano baina ya mwenye nyumba na fundi. Hatukuja kuwafundisha kujenga, kwani wamo humu wajuao kushika mwiko na timazi kutupita sisi. Twataka kusema habari ya fedha na maneno yatolewayo kabla mwiko haujashikwa.

Na tuanze kwa aibu yetu wenyewe. Mwaka 2016 tuliazimu kuondoa makuti katika nyumba ya mama yetu na kuiezeka kwa mabati. Fedha za korosho tulizipata mwezi wa Novemba, na huku kwetu kusini mvua haichelewi baada ya hapo. Tukamwita fundi mmoja ambaye baba yake tulisoma naye, na kwa sababu hiyo tuliona haya kuandikiana karatasi. Akasema analijua duka la bei nafuu mjini. Tukampa fedha za mbao, za mabati, za misumari, na nusu ya ufundi, zote kwa mkono mmoja. Alileta mbao, akaezua makuti yote kwa siku moja kwa bidii kubwa sana, kisha akaenda mjini kufuata mabati. Akakaa wiki tatu. Mvua ikanyesha juu ya kitanda cha mama yetu na juu ya sanduku la nguo zake, naye akahamia kwa jirani. Hakutulaumu hata neno moja, na jambo hilo lilituuma kuliko lawama.

Mabati yalipofika yalikuwa membamba mno. Tulikuwa tumetaja geji 28, naye alileta geji 32. Wengi hudhani namba kubwa ndiyo bati nene, kumbe ni kinyume chake: namba ikizidi, bati hupungua unene. Tena alipigilia misumari katika mabonde ya bati badala ya migongoni, na maji hupita bondeni, basi kila msumari ulikuwa mfereji mdogo wa kuingiza maji ndani.

Twendeni shaurini wapi? Mzee mmoja alituambia kwamba mapatano ya mdomo si mapatano, kwa hiyo hatuna haki. Sivyo. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, haikatai mapatano ya mdomo, mradi watu wamekubaliana kwa hiari yao, wana akili timamu na umri utakiwao, na jambo lenyewe ni halali. Lakini mbele ya hakimu wa Mahakama ya Mwanzo ni lazima uthibitishe yaliyosemwa, na yaliyosemwa chini ya mwembe kila mtu huyakumbuka kwa faida yake. Sisi tulikumbuka geji 28. Yeye alikumbuka "mabati mazuri". Tulirudi nyumbani.

Kwa hiyo, ndugu zetu, andikeni. Karatasi moja ya daftari yatosha. Itajwe kazi yenyewe kwa vipimo, nani atanunua vifaa na vya namna gani, ufundi ni shilingi ngapi, utalipwa kwa mafungu gani, kazi itakwisha lini, na kitu kikiharibika nani atakitengeneza. Watie sahihi wote wawili na mashahidi, na asiyejua kuandika aweke dole gumba. Asiyekubali kuandikiana nawe ingawa ni mtoto wa ndugu yako, mwache aendelee kuwa mtoto wa ndugu yako, utafute fundi mwingine.

Vifaa nunua mwenyewe, au fuatana na fundi hadi dukani, ukachukue stakabadhi. Wala paa la zamani lisiguswe mpaka mabati mapya yamelala uani kwako na umeyahesabu. Arbuni itolewe kidogo, kiasi cha kumtuliza fundi asishike kazi ya mtu mwingine; mafungu mengine yafuate kazi, yasiitangulie. Ukilipa kwa simu, usifute ule ujumbe.

Na kabla ya hayo yote, nenda ukatazame nyumba aliyoijenga miaka miwili au mitatu nyuma, umwulize mwenyewe wakati fundi hayupo. Cheti cha VETA ni kitu chema, na vijana wenye nacho twawapendelea, lakini cheti hakionyeshi kama mtu huyo hurudi akiitwa. Ukuta uliokwisha kunyeshewa mvua mara tatu huonyesha mengi. Mtazame pia namna anavyofyatua matofali ya saruji: yule asiyeyamwagilia maji walau siku 7, akayajengea siku ya pili, anakuuzia mchanga.

Lakini tusiwalaumu mafundi peke yao. Tumekaa nao tukasikia mashtaka yao, nayo ni ya kweli. Yuko mwenye nyumba apatanaye vyumba viwili, na msingi ukishachimbwa asema viwe vitatu, kwa ufundi ule ule. Yuko achelewaye kuleta saruji siku 10, vibarua wamekaa kivulini wakila posho ya fundi, kisha aulize mbona kazi haiendi. Na wako, tena ni watu wenye heshima zao, wasemao "tutaonana" siku ya fungu la mwisho. Kazi ikigeuzwa, karatasi nayo igeuzwe, na bei itajwe upya siku ile ile.

Mwaka uliofuata tulimwita fundi wa kijiji cha pili kulitengeneza paa la mama yetu. Tuliandikiana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji kwamba fungu la mwisho atalipwa baada ya mvua kubwa ya kwanza. Mvua ilinyesha usiku. Asubuhi alifika kabla hatujamwita, akapanda juu, akakaza misumari miwili karibu na kofia ya paa, akashuka akanywa chai aliyopikiwa na mama yetu, nasi tukamhesabia fedha zake mezani.