Mwana Kupona wa Pate: Mama Aliyeandika Wosia

(Haya ni maelezo yaliyotolewa na mwanachama mmoja mbele ya darasa la kisomo cha watu wazima na vikundi vya akina mama vya visiwa vya Lamu. Tumeyaandika kama alivyoyasema, ila tumeyapunguza kidogo.)



Mwalimu alitupa kazi: kila mmoja atafute mwanamke mwandishi, amchunguze, kisha aje asimame hapa aeleze. Wengine walicheka. Walisema, waandishi wanawake tutawapata wapi sisi watu wa visiwani, labda twende Nairobi. Mimi nikasema hapana. Tunaye wetu, wa Pate hapo ng'ambo, na aliandika kabla reli haijafika nchi hii. Jina lake ni Mwana Kupona binti Mshamu.

Kwanza niwaeleze nilivyotafuta, maana mwalimu alisisitiza hilo. Nilianza na watu. Nilikwenda kwa bibi mmoja jirani ambaye shule hakuiona hata siku moja. Nilipotaja utendi wa Mwana Kupona, aliacha kusuka ukili wake akaanza kuutoa kwa moyo, beti baada ya beti, macho ameyafumba. Nikamuuliza, umejifunza wapi? Akasema kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake. Basi hiyo ni maktaba moja, na haina karani.

Maktaba ya pili ni vitabu. Utendi huu ulipigwa chapa Uingereza mwaka 1934 na Alice Werner na William Hichens, na J. W. T. Allen akautia tena katika kitabu chake cha tendi cha mwaka 1971. Kabla ya hapo ulikuwa ukinakiliwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu. Mmoja wa wanakili wakubwa wa mambo hayo alikuwa Muhammad Kijuma wa Lamu, fundi wa hati, mshairi na mchonga milango. Wazungu waliotaka tendi za zamani walimwendea yeye, na kazi za mkono wake ziko London mpaka leo. Nasema hivyo ili mjue kwamba kitabu hakikutoka Ulaya kikaja kwetu. Kilitoka kwetu kikaenda Ulaya, kikarudi kina jalada.

Nilichopata kwa bibi nilikilinganisha na cha kitabuni. Kuna maneno mawili matatu yaliyotofautiana, lakini mpango ni uleule. Kila ubeti una mistari minne. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne una kina chake kinachokwenda hivyohivyo mpaka mwisho wa utendi. Ndiyo maana bibi hapotei njia. Kina kinamshika mkono.

Lugha ni Kiamu na Kipate. Wenzangu wa bara mliohamia huku msiogope. Mkiona muyi, ni mji. Ndia ni njia. Moya ni moja. Mai ni maji. Mkishazoea hayo, nusu ya kazi imekwisha.

Sasa yeye mwenyewe. Alizaliwa Pate, na vitabu vinakisia ni kama mwaka 1810. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Siyu tunaiona leo kuwa mji mdogo wenye ngome, lakini zamani zile ulikuwa mji wa wanazuoni, wa watu wa kunakili misahafu na mafundi wa ngozi. Bwana Mataka hakukubali kutawaliwa na Sultani Seyyid Said wa Zanzibar, na katika miaka ya 1840 majeshi ya Sultani yalipigwa Siyu yakarudi. Mataka alifariki mwaka 1856. Siyu ilikuja kuangushwa mwaka 1863, wakati wa Sultani Majid.

Kwa hiyo Mwana Kupona alipoandika alikuwa mjane, na vita havijaisha. Tena alikuwa mgonjwa, na yeye mwenyewe anasema ugonjwa umemkaa muda mrefu. Ana binti, Mwana Hashima. Atamwachia nini? Anamwita akae karibu, alete wino na karatasi, kisha anamwambia aliyo nayo moyoni. Mwishoni anataja jina lake, mahali alipozaliwa, na mwaka: 1275 wa Hijria. Mwalimu alitusaidia kuubadilisha. Mwaka huo ulianza Agosti 1858, ndiyo maana vitabu vinasema 1858.

Mimi hilo la kutaja jina lilinigusa. Mihutasari ya mikutano yetu imejaa "mama fulani alisema". Yeye aliweka sahihi.

Na anasema nini? Anaanza na dini, adabu, ulimi wa kweli. Anasema mhitaji akija mlangoni asifukuzwe, apewe kinachowezekana. Halafu anafika kwa mume, na hapo ndipo darasa lilipowaka moto nilipowasomea wiki iliyopita. Anasema mwanamke anahitaji radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume. Asitoke bila ruhusa. Nyumba iwe safi, yenye kunukia. Mume amtunze kama mtoto mchanga asiyejua kusema.

Dada mmoja hapa alisimama akasema, huyu anatufunga kamba. Mwingine akamjibu: hebu sikia vizuri, mtu anayetunzwa kama mtoto mchanga, ni nani mwenye akili ndani ya nyumba hiyo? Watu wakacheka. Lakini si kicheko tu. Wasomi nao wanabishana hivyohivyo. Ann Biersteker, kwa mfano, aliandika mwaka 1991 kwamba maneno haya yasichukuliwe juujuu, kwani ndani yake mna uwezo wa mwanamke anayejua kutumia maneno. Mimi naona wote wawili wana haki. Mama huyu hakuwa akitunga sheria ya nchi. Alikuwa anamwonyesha binti yake mlango uliokuwapo, kwa wakati ule, wa kuishi kwa heshima baada ya mama kufa. Leo binti zetu wana milango mingine, na si lazima wapite huo.

Lililo zito zaidi kwangu si la mume. Kuna ubeti anamwonya binti yake asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Nilitaka kuuruka nisiusome hapa. Kisha nikafikiri, humu ndani tumo watu ambao mabibi zao walikuwa ndio hao watumwa. Utumwa haukufutwa kwa sheria katika nchi hii mpaka mwaka 1907, na wazee wetu waliwaona kwa macho watu waliokuwa watumwa. Yule aliyechota maji na kutwanga mtama wakati Mwana Hashima ameshika kalamu, jina lake hatulijui. Naye alikuwa na binti. Naye bila shaka alimpa wosia, ila hakuna aliyemletea wino.

Kwa hiyo ninapomsifu Mwana Kupona, na namsifu sana, nasema wazi kwamba alikuwa mama wa nyumba kubwa. Kumchunguza mtu ni kumweleza mzima, hata pale panapouma. Tukificha ubeti ule, tutakuwa tumemwandika mtu mwingine.

Jambo moja la mwisho katika utendi. Baada ya kumaliza na binti yake, anawageukia wanawake wote anawaambia wasome wafahamu. Someni, anasema, si sikilizeni tu. Mwaka 1858! Kwa hiyo akija mtu kutwambia kisomo cha akina mama ni jambo la kigeni, mwonyesheni hapo.

Tuliulizana katika kikundi: je, maneno ya mama zetu sisi, wasiokuwa na nyumba kubwa, yataandikwa na nani? Tumekubaliana kununua daftari moja nene kwa fedha za kikundi. Kila mwanachama atakwenda kwa mzee mmoja wa kike, aandike analosema kuhusu kulea, uvuvi, shamba, ndoa, deni, lolote. Aandike kwa lugha ya mzee mwenyewe, asiinyooshe. Atie jina la mzee akikubali, kijiji, na tarehe. Mzee asipokubali jina lake litajwe, tusilazimishe. Bibi jirani yangu amekubali kuwa wa kwanza, ila amesema kalamu ataishika mwenyewe. Herufi anazijua hadi M sasa, kwa hiyo tutangoja kidogo.

Kitabu cha tendi kimeazimwa hadi mwisho wa mwezi. Anayetaka kukisoma amwone katibu, na asikipeleke baharini.