Si Kila Neno Ni Mantra



Nilikusudia kuanza na historia ya Veda, maandiko matakatifu ya Wahindu. Wengi wenu mnaijua, na asiyeijua ataikuta maktaba. Kilichonigeuza nia ni swali la daktari mmoja kijana: kwa nini Mhindu mgonjwa ahangaike na mantra, maneno matakatifu ya Kisanskriti, ilhali neno lolote likirudiwa polepole hutuliza vilevile?

Swali hilo lina baba yake. Herbert Benson, daktari wa Harvard, aliwapima wafuasi wa tafakuri ya mantra ya mwalimu wa Kihindi, Maharishi Mahesh Yogi, akaona pumzi zao zinapungua na miili inatumia oksijeni kidogo. Katika kitabu chake cha mwaka 1975 akafundisha njia ya mkato: keti, fumba macho, na kila unapotoa pumzi sema kimoyomoyo “moja”. Basi, yamekwisha.

Vipimo vyake sina ugomvi navyo. Ninachokikataa ni mruko uliofuata, kwamba neno lolote latosha. Aliyelala usingizi naye hutumia oksijeni kidogo, wala hatujasikia mtu akisema kwamba sala ni usingizi.

Wanaomtetea Benson hunitolea utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake, uliochapishwa mwaka 2001 katika jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ. Watu 23 wenye afya walisoma Salamu Maria kwa Kilatini, na pia mantra ya Kibudha, om mani padme hum. Kote kuwili pumzi zilishuka hadi kama sita kwa dakika. “Umeona, Profesa? Dini mbili, matokeo yaleyale!” Nimeona. Lakini someni tena: hakuna aliyepewa neno lolote lile. Walipewa sala mbili kongwe, kila moja ina urefu wake, na urefu huo ndio uliozipanga pumzi. “Moja” ya Benson haimpangii mtu chochote; inaburutwa na pumzi inakokwenda.

Walimu wa Veda walijua zamani kwamba maneno ndiyo humpanga mtu. Kwa Wabrahmani wa Kinambudiri kule Kerala, mwalimu hukishika kichwa cha mtoto kwa mkono wake, akakiinamisha, akakiinua, akakilaza upande, kadiri sauti ya silabi inavyopanda na kushuka. Maana hajafundishwa bado. Msomaji wa Veda aliyekomaa huweza kufikia usomaji uitwao ghana, ambapo maneno husukwa hivi: moja-mbili, mbili-moja, moja-mbili-tatu, tatu-mbili-moja, moja-mbili-tatu, kisha husogea neno moja mbele na kuanza upya, beti kwa beti. Hakuna silabi inayoweza kuponyoka humo. (Frits Staal, aliyewasoma Wanambudiri kwa miaka mingi, alihitimisha kwamba mantra hazina maana. Naye nampinga, ila ugomvi mmoja kwa jioni moja unatosha.)

Kwa wagonjwa, mantra mashuhuri ni Mahamrityunjaya, ubeti wa Rigveda 7.59.12, unaoelekezwa kwa Tryambaka, mwenye macho matatu, ambaye waumini humtambua kuwa Shiva. Ubeti huo hautaji homa wala maumivu. Unaomba mtu afunguliwe kutoka mautini kama tango linavyoachia kikonyo chake, lakini asitengwe na uzima usiokufa.

Nilimsikia akiusoma bibi mmoja wa Kigujarati, jirani yetu Dar es Salaam, ambaye mtaa mzima tulimwita Ba. Mumewe alikuwa hoi kitandani. Mkono wa Ba ulikuwa ndani ya mfuko wa kitambaa wenye mala, ushanga wa punje 108; kidole cha shahada kilichungulia nje kwa tundu lake, maana hakiruhusiwi kuhesabu. Akifika kwenye punje kubwa haivuki, anaugeuza ushanga na kurudi alikotoka. Nilimuuliza kama mzee atapona. “Mwanangu,” akasema, “ikifika saa mbili nikumbushe vidonge vyake.”

Charaka Samhita, kitabu ninachokipenda kuliko vyote vya tiba, kingemwelewa. Kinataja tiba za namna tatu: ya kutegemea miungu, ambamo mantra zimo pamoja na hirizi na sadaka, ya kutegemea hoja, yaani lishe na dawa, na ya kuizuia akili isiyakimbilie mambo yanayoidhuru. Hakizigombanishi.

Hakuna katika haya kinachoonyesha kwamba mantra huponya figo, na anayewaambia hivyo mfukuzeni. Nakubali pia kwamba msomaji wa Salamu Maria aweza kufika palepale. Lakini naye maneno yake kayapokea, hakuyaokota. Imani yangu ni kwamba utulivu huja mtu anapojiweka chini ya maneno aliyorithi, asiyo na ruhusa ya kuyabadili. Basi lifanyike jaribio: kundi moja lisome ubeti lililokua nao tangu utotoni, jingine lisome silabi za kubuni, kwa urefu uleule na pumzi ileile. Matokeo yakilingana, wenzangu wa Kitivo cha Tiba waniite hapahapa wanicheke. Sitarajii kuitwa.