Saa za Kazi na Walimu Wanaotuacha



Hapa mitaani kwetu, toka Kaloleni na Bahati mpaka Kayole, mwalimu akiacha kazi si kwamba amewachoka watoto. Mama hutoka alfajiri, akakwama katika msongamano wa Barabara ya Jogoo, na mtoto mchanga amebaki kwa jirani.

Mapatano ya mwaka 2021 kati ya vyama vyetu na Tume ya Kuwaajiri Walimu yaliifikisha likizo ya uzazi siku 120. Je, likizo ikiisha? Sheria ya Afya ya 2017 yampa mama anyonyeshaye nafasi ya hadi saa moja katika kila saa nane za kazi, bila kukatwa mshahara. Lakini saa hiyo yafaa nini ikiwa haimo katika ratiba?

Twadai neno moja: kila muhula ratiba ipangwe pamoja na walimu. Asiye na kipindi cha kwanza asilazimishwe kufika mapema. Vipindi vya mama anyonyeshaye vipangwe kwa kufuatana, apate nafasi yake. Wako watakaosema watoto watapunjwa. Sivyo: idadi ya vipindi ni ile ile. Mwalimu akiondoka ndipo darasa zima hupunjwa.

Ndugu, umoja ni nguvu. Neno hili tulipeleke katika mikutano ya matawi.